Kompyuta Iliyokataa Kupoa

Paka wa nyumba ile alizoea kulala juu ya kompyuta ya Murwani kila ilipofungwa, na Murwani alikwisha kuchoka kumfukuza. Asubuhi moja ya mwezi wa nane, ukungu wa mlima Sumbing ukiwa bado umelalia mapaa ya Temanggung, huko Java, paka alipanda mezani kama kawaida yake, akaweka miguu miwili ya mbele juu ya kifuniko, akaiondoa haraka. Akabaki kuitazama kompyuta kama anayemtazama mbwa. Kisha akashuka, akatoka nje kwenye baridi, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena chumba kile.

Murwani akaweka kiganja. Ilikuwa ya moto. Halikuwa lile vuguvugu la mashine iliyotoka kufanya kazi. Ulikuwa moto wa sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Na kompyuta yenyewe aliizima jana alasiri, akachomoa chaja kwa mkono wake.

"Laras," alimwita binti yake wa miaka sita, aliyekuwa akivaa soksi za shule mlangoni. "Umeichezea laptop yangu?"

"Mimi sijaingia humo. Bibi kanikataza."

"Kakukataza kwa nini?"

"Kasema hicho si chumba."

Murwani alijua mama mkwe wake anasema nini, na alijua anamwambia nani.

Kweli hakikuwa chumba. Kilikuwa jiko. Nyumba ile ndiyo alimozaliwa Teguh, mumewe, na kabla yake baba yake Teguh, na miaka yote hiyo kona ya nyuma ilikaliwa na jiko la udongo lenye matundu matatu, kubwa kama kitanda. Halikupata kuzimika kabisa. Jioni makaa yalifukiwa kwa majivu, alfajiri yakafukuliwa. Murwani alikuja na jiko la gesi. Alikuja pia na kazi yake ya kupanga vitabu vya Yasini, vile ambavyo familia huchapisha kwa hitma ya siku ya arobaini, ya mia na ya elfu, picha ya marehemu ikiwa mbele. Na kazi hiyo ilitaka meza, na mlango wa kufunga. Baada ya Idi, Teguh alishika sururu akalivunja jiko kwa asubuhi moja. Mama yake, Bi Kasinem, hakusema neno. Alikaa kizingitini amewapa mgongo, na walipomaliza akazoa udongo ule wote kwenye magunia, akayaburuta mwenyewe hadi nyuma ya nyumba, mwanamke wa miaka sabini na miwili. Tangu hapo alizungumza na mkwewe mambo ya chumvi na sabuni tu.

Siku za kwanza Murwani alifanya kila anachofanya mwenye kompyuta ya moto. Aliondoa kitambaa cha meza ili hewa ipite chini. Aliinua mgongo wa mashine kwa viberiti viwili. Alipitisha brashi ya rangi kwenye matundu ya feni, akafunga programu zote asizozihitaji, akanunua kibao chenye feni mbili za kupuliza kutoka chini. Kompyuta ikazidi kuwaka. Herufi zikaanza kuchelewa. Akiandika jina la marehemu lilikuja baada ya pumzi mbili tatu, herufi moja moja, kama mtu anayelitaja kwa kusitasita. Na kulikuwa na harufu. Haikuwa ya plastiki wala ya waya. Ilikuwa harufu ya makaa ya mbuni, kuni za mti wa kahawa ambazo hakuna aliyeziwasha nyumbani mle tangu Idi.

"Ipeleke kwa Bagyo," Teguh alimwambia kwenye simu. Alikuwa mjini Kudus, akishusha lori la tumbaku, na msimu ule alirudi nyumbani mara moja kwa wiki mbili. "Usikae unaumana nayo."

Bagyo alikuwa na kibanda kando ya stendi ya mabasi. Alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakumtengenezea mtu kitu bila kumtania kwanza.

"Mama Laras, unakaanga nini hapa? Tempe ya soya?"

"Usinicheke, baba. Nina kitabu cha watu, hitma yao Ijumaa."

"Basi marehemu atakipata kikiwa cha moto." Alifungua skrubu kumi na moja kwa bisibisi ndogo, akainua mfuniko wa chini. Hapo akaacha kutania. Alichota kitu kwa kidole kutoka kwenye feni, akakisugua, akakinusa.

"Mnaishi karibu na tanuri?"

"Hapana."

"Vumbi la kompyuta linashikana kama pamba chafu. Hili ni jivu, mama. Jivu la kuni."

Alilipuliza lote. Akafuta dawa kuukuu ya kupoza iliyokauka juu ya prosesa, akapaka mpya, akafunga, akaiwasha, na feni ikazunguka vizuri kabisa. Murwani alirudi nyumbani na moyo mwepesi. Siku ya pili kompyuta ilichoma alama nyeusi mezani.

Aliporudi nayo, Bagyo hakumtania. Aliitoa betri, akaiweka rafu ya mbali. Akachomoa kila kilichochomoleka, akailaza kompyuta tupu juu ya meza yake ya bati, kisha wakaketi wawili kuitazama. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, wapiga debe wa stendi wakigombea abiria hatua kumi kutoka pale, mwanamke akipita na kapu la karanga za kuchemsha kichwani. Na katikati ya mchana ule wa watu na kelele, ndani ya mashine isiyo na umeme wowote, kitu kilipasuka kidogo, tak, kikanyamaza, kikapasuka tena, kama kipande cha kuni kinavyopasuka moto unapofika kwenye kiini chake, na bati la meza likaanza kubadilika rangi polepole kutoka katikati kwenda pembeni, na Bagyo, ambaye mkono wake ulikuwa umesahauliwa pale juu, akauondoa ukiwa na lengelenge.

Hakupiga kelele. Aliifunga mashine kwa magazeti, safu baada ya safu, akaisukuma kwa mteja wake.

"Nilianza na redio za mbao, mimi," alisema chini chini. "Kitu kisicho na umeme hakichemki. Hiki si cha kwangu."

"Ni cha nani basi?"

"Mnaye shehe mtaani kwenu. Mimi usinitaje."

Murwani alikuwa mkaidi. Hitma ya watu ilikuwa Ijumaa, na kitabu kilikuwa ndani ya mashine ile. Kesho yake asubuhi alinunua pande la barafu kwa muuza samaki, akaliweka kwenye sinia, akaweka ubao juu yake, na kompyuta juu ya ubao. Ikapoa. Kwa mara ya kwanza kwa wiki tatu ikapoa kweli, herufi zikaja mbio chini ya vidole vyake, na alifanya kazi kuanzia saa mbili hadi saa nne akiwa anaimba.

Saa nne mwalimu alimleta Laras kwa pikipiki, amemfunga mgongoni kwa shali.

Mtoto alikuwa anaungua. Kipimajoto kilifika arobaini na kitu, na ngozi ilikuwa kavu, hakuna tone la jasho. Kituo cha afya walimpima damu: si homa ya mbu, si homa ya matumbo. Wakampa dawa, wakasema afunikwe kitambaa cha maji. Maji yalikauka kitambaani kama yaliyowekwa kwenye pasi. Murwani alikaa kitandani akimpepea hadi alasiri, na alasiri, bila sababu yoyote aliyoiona, Laras akafumbua macho, akaomba wali.

Murwani akaenda chumbani kwake. Barafu ilikuwa imeyeyuka yote, na kompyuta ilikuwa ya moto.

Halafu akafanya jambo ambalo hata leo hajajisamehe. Alikwenda akanunua barafu nyingine, akaiweka sinia ileile, akaacha milango wazi ili amwone mtoto kule kitandani na bakuli lake la wali mapajani, akaanza kuhesabu. Alipofika thelathini Laras aliacha kutafuna, na alipofika hamsini mashavu yake yalikuwa mekundu, na alipofika sabini kijiko kilianguka na kichwa kikaanza kuinama, kikiinama kama ua lililoachwa juani, na Murwani akalibeba lile pande la barafu kwa mikono mitupu akalitupa dirishani, akaikumbatia ile mashine kifuani ili ipate joto upesi, ikimchoma, huku akisema polepole, "Shika, shika, rudi, shika."

Alipogeuka, Bi Kasinem alikuwa amesimama mlangoni, sweta mbili mwilini kama kawaida yake.

"Umejua," mama mkwe alisema.

"Mama, ni kitu gani hiki?"

Bi Kasinem aliingia chumba kile kwa mara ya kwanza tangu kiwe chumba. Aliketi sakafuni, pale hasa palipokuwa na jiko.

"Sina jina lake. Mimi nililetwa hapa nina miaka kumi na sita. Mama mkwe wangu alinionyesha: alfajiri, kabla mtu hajala, punje chache za mchele juu ya makaa. Akaniambia, kinaishi humu, hakina ubaya kikiwa na moto wake. Sikumuuliza kikiukosa itakuwaje."

"Na siku tuliyovunja? Ulikuwa umekaa pale pale. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Wewe umesoma. Ungesema bibi kizee anaabudu jiko." Alivuta nyuzi za sweta. "Hiyo si kweli yote. Nilinyamaza kwa hasira, Mur. Nilitaka uone. Sikujua kitamwendea mtoto."

Hawakulaumiana zaidi ya hapo. Udongo ulikuwepo kwenye magunia. Siku iliyofuata waliumwagia maji nyuma ya nyumba, wakauponda kwa miguu wakiwa wameinua nguo hadi magotini, wakachanganya pumba za mpunga, wakaanza kujenga chini ya kibanda cha bati. Bi Kasinem alipiga kingo kwa kiganja, mkwewe akaiga. Jioni matundu matatu yalikuwa yamesimama.

"Tuwashe," Murwani alisema.

"Ukiuwasha mbichi unapasuka, nacho hakitakaa mahali palipopasuka. Siku thelathini. Kwa ukungu huu, pengine na zaidi."

Kompyuta ikalazwa juu ya jiwe la kusagia pilipili, ikaachwa iwake. Kitabu cha watu kilikabidhiwa mwenzake wa kazi aliyeko Magelang akimalizie. Kila Murwani alipopita alichungulia kama anayechungulia mgonjwa. Plastiki ilikuwa inalegea. Herufi za kibodi zilianza kuzama.

Siku ya sita asubuhi alisikia kioo cha kompyuta kikipasuka. Akaingia, akagusa mashine, na ilikuwa baridi kama jiwe lililo chini yake. Ubaridi aliokuwa akiuomba kwa wiki nne nzima ulikuwa mkononi mwake, na Murwani akaanza kukimbia.

Laras alikuwa uani, katikati ya chanja za mianzi za jirani zilizoanikwa tumbaku. Alikuwa amelala chali, macho wazi. Majani ya chanja iliyo karibu naye yalikuwa yamejikunja na kuwa kahawia.

Shehe Muhtarom alifika kabla ya adhuhuri. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyefundisha watoto wa mtaa ule Kurani akiwemo Laras. Alifunga mlango, akawaambia wanawake wakae upande wa miguu, akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, akauondoa, akaurudisha. Akasoma. Alisoma kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka, aya baada ya aya, na kwa muda hakukuwa na lolote ila pumzi za mtoto na harufu ya makaa ya mbuni ikijaa chumbani taratibu, kisha midomo ya Laras ikaachana, na kilichotoka hakikuwa sauti ya mtoto, wala ya mwanamke, wala ya mwanamume, bali kitu kikavu kilichopasukapasuka, na kila neno lilikuja peke yake kama cheche.

"Baridi," kilisema.

"Toka katika mwili huu kwa amri ya Mola aliyekuumba."

"Nitoke niende wapi? Mmenizimia."

"Ardhi ya Mungu ni pana. Toka."

"Baridi," kilisema tena, na mtoto akajikunja, akashika mkono wa shehe kwa vidole vyote, kama mtu anayeshika ukingo wa kisima. Shehe alisoma, jasho likimtiririka hadi kwenye ndevu, na kadiri alivyosoma ndivyo mtoto alivyozidi kuwaka, midomo ikapasuka na damu ikakauka palepale, nywele za kandokando ya uso zikaanza kujiviringa na kunuka, na Murwani akauma shali yake asipige ukelele, maana aliona kwamba kile kitu hakikuwa kikipigana na shehe, kilikuwa kikijificha, na mahali pa kujificha hapakuwa na pengine ila ndani zaidi ya mwanawe.

Shehe Muhtarom akaacha kusoma. Hakuwa mtu wa kujidai.

"Nikivuta, kinashika," alisema kwa kunong'ona. "Peke yangu siwezi. Nakwenda kuwaita wenzangu wawili, tutarudi baada ya alasiri. Mwekeeni maji. Na msikipe kitu chochote, si mchele, si ahadi. Hiyo ni shirki, Bi Kasinem. Nakuambia mbele ya mkweo."

"Nimesikia, Shehe."

Alipoondoka, Bi Kasinem alimpa Murwani ndoo. "Kachote chemchemi ya msikitini. Ya pale ni baridi zaidi. Mimi nipo naye."

Murwani alikwenda na kurudi nusu kwa mbio, maji yakimwagika miguuni. Hakuchukua robo saa. Alipoingia uani akaona sweta mbili zimetupwa chini. Bi Kasinem alikuwa ameketi kwenye benchi la mianzi kwa blauzi nyepesi tu, mgongo wima, uso unang'aa, naye alikuwa mwanamke ambaye hakuna mtu mtaani aliyewahi kuona mikono yake mitupu. Mlangoni alisimama Laras, amejishika ukutani, mweupe, analia kwa njaa.

"Mama," Murwani alisema. "Umefanya nini?"

"Nimemkaribisha mgeni."

"Shehe amesema—"

"Shehe amesema tusimpe mchele wala ahadi. Sikumpa mchele." Alikaribia kutabasamu. "Mimi ni mzee, Mur. Nimekuwa na baridi miaka yote tangu mzee wangu afariki. Ni mpaka jiko likauke tu. Usije karibu. Mpe mtoto chakula."

Zilibaki siku ishirini na nne.

Katika siku hizo Murwani hakujua kukaa. Aliamka, akaenda kugonga udongo wa jiko kwa kifundo cha kidole, ukajibu kwa sauti nzito ya unyevu. Akatia sufuria motoni, akaisahau, akaenda kugonga tena. Alifunika jiko kwa turubai ukungu ulipoingia, akalifunua jua lilipotoka, akalipepea kwa ungo kama mtu anayepepea mwali. Bi Kasinem alikunywa ndoo nzima ya maji kwa siku, na hakwenda haja. Alilala kwenye saruji. Majirani walishangaa kwamba tumbaku yao ya upande ule ilikauka kwa siku moja, wakamshukuru Mungu, wakaongeza chanja.

Teguh aliporudi alimshika mama yake mkono, akauachia kwa mshtuko. Akampeleka hospitali kwa nguvu. Wakampima kila kitu, wakasema ni mzee, apumzike. Shehe Muhtarom alikuja na wenzake wawili, na Bi Kasinem akawazuia kwa kuinua kiganja.

"Mkinisomea kitatoka. Kitamwendea nani?"

Shehe alimtazama Laras, aliyekuwa akicheza na vifuniko vya chupa kizingitini. Akashusha macho. Hawakusoma. Lakini walisimama nje ya lango wakiomba dua, watatu, kwa muda mrefu, na Bi Kasinem alipowasikia alilia bila machozi.

Alikuwa anaisha. Kila siku alikuwa mwembamba zaidi, kama mshumaa, na kila siku alimtuma mkwewe akagonge udongo.

"Unasemaje?"

"Bado, mama. Upande wa kushoto bado."

"Upande wa kushoto uliujenga wewe. Uliutia maji mengi."

"Wewe ndiye uliyeyamwaga."

"Basi sote." Alifumba macho. "Utanitengenezea kitabu changu?"

"Usiseme hivyo."

"Weka picha ya harusi ya Teguh. Ile ya kitambulisho usiweke, nimenuna."

Siku ya kumi na saba tangu jiko lijengwe, jua likiwa limepanda kidogo, Bi Kasinem alimwita Murwani kwa jina lake kamili, akamwambia hawezi tena, akafa.

Waliomwosha walikuwa Murwani na wanawake wawili wa mtaani waliozoea kazi hiyo. Maji ya kwanza yaliyomwagwa kifuani mwa marehemu yalipanda kuwa mvuke. Mmoja wa wanawake wale, Mama Sriyati, aliweka kopo chini.

"Huyu hajafa," alinong'ona.

Wakaweka kioo puani. Hakikufanya ukungu. Wakasikiliza kifua. Kimya. Vidole vilikwisha kukakamaa, taya limefungwa kwa kitambaa, macho yamefumbwa, alama zote za kifo zilikuwepo zimetimia, na juu ya alama hizo zote lilikuwepo joto, joto la mkate uliotoka tanurini, likipenya glavu, likikausha kafuri kabla haijanukia, na yule mwanamke wa pili alianza kurudi nyuma kuelekea mlangoni kwa hatua ndogondogo akidhani hakuna anayemwona.

"Tuendelee," Murwani alisema. "Tafadhali, mama zangu. Tumalize."

Walimaliza. Alizikwa baada ya alasiri. Waliobeba jeneza walibadilishana mabega mara nyingi kuliko kawaida, na hakuna aliyesema kwa nini.

Usiku ule Murwani hakuutoa mkono wake kwenye paji la uso la Laras. Alingojea. Mwili ukipoa kile kitu kitatoka, na alijua njia kitakayoipita. Lakini paji lilibaki la kawaida, na kulipopambazuka alitupa shali kichwani akaenda makaburini. Umande ulikuwa mwingi. Kila kaburi lilikuwa jeupe, majani yameinama. Kaburi la Bi Kasinem lilikuwa kavu. Murwani alipiga magoti, akazika vidole katika udongo, akausikia ukiwa na joto.

Alikuwa bado amekishika. Ameoshwa, amevishwa sanda, ameswaliwa na kufukiwa, na bado alikuwa amekishika kwa ajili ya mjukuu wake, huko chini, kwa kitu gani Murwani hakujua, maana roho ilikwisha kwenda. Hapo ndipo alipomwomba radhi, kwa sauti, peke yake, akitaja yote: jiko, sururu, mdomo wake mwenyewe uliojua kunyamaza vibaya.

Kwa wiki nzima alikwenda kila alfajiri, na kila alfajiri joto lilipungua. Akitoka makaburini alikwenda kugonga jiko. Siku ya nane udongo wa kaburi ulikuwa vuguvugu, kama kikombe kilichosahauliwa, na pembeni umande ulikwisha kuanza kushika. Murwani hakungoja kukuche vizuri.

"Teguh. Amka. Lete kuni."

"Kuna za jana tu, mbichi, zina umande. Na upande ule wa kushoto bado mweusi, umeuona mwenyewe."

"Lete hizo hizo."

Shehe Muhtarom alikuwa akitoka msikitini. Aliwaona, akasimama nje ya ua, mkono juu ya mwanzi wa uzio.

"Mama Laras, najua unalotaka kufanya," alisema. "Sina la kukuambia lililo bora zaidi, na Mungu anajua nimelitafuta. Lakini sitakula kitakachopikwa hapo."

"Usile, Shehe. Tuombee."

Alipanga magogo ya mbuni katika matundu matatu. Maganda yake yalikuwa ya kijani, na yalilowesha viganja vyake. Laras alikuwa ametoka ndani, amesimama nyuma ya mama yake akitetemeka kwa baridi. Murwani alijikuta hana neno la kusema ambalo dini yake ingelikubali. Akawasha kiberiti, akakiingiza tundu la kati.

Moto ulishika matundu yote matatu kwa pamoja. Upande wa kushoto ulipasuka kwa mlio mmoja, ufa ukashuka kutoka juu hadi chini, Murwani akafumba macho. Alipoyafumbua jiko lilikuwa limesimama, na moto ndani yake ulikuwa mrefu, umetulia, kama mtu aliyefika kwake akakaa.

Teguh alikuwa amejiziba uso kwa mkono, kama afanyavyo kila mtu mbele ya kuni mbichi. Akangoja. Akaushusha mkono. Akatazama matundu, akatazama juu kwenye bati, akatazama hewa safi ya asubuhi kati ya hivyo viwili.

"Moshi uko wapi?" alinong'ona.

"Kimefika," Murwani alisema, akamvuta Laras nyuma kwa bega, akaongeza kuni.